Minara Miwili na Wale Waliokuja na Masista



Mwaka jana, tulipokutana kwa chakula chetu cha kila mwaka katika ukumbi wa parokia tunaoazimwa hapa London, mjukuu mmoja aliniuliza swali mbele ya watu. Alikuwa ameshika simu yenye picha ya kanisa letu la Unguja, lile la Mtakatifu Yosefu ambalo kila mtu mjini hulijua kwa jina la Minara Miwili. Akasema, "Babu, hili kanisa walilijenga nani, na sisi tuliingiaje humo?" Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi nilipokuwa na umri wake: walilijenga mapadre wa Kifaransa na Wagoa, na sisi ni watoto wa kanisa hilo tangu mwanzo. Wazee waliokuwa mezani wakatikisa vichwa kukubali, na pilau ikaendelea kupakuliwa. Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilijua nimempa mtoto nusu ya jibu.

Kwa hiyo ndugu zetu wanaotengeneza kitabu hiki waliponiomba kurasa chache za historia, niliona hapa ndipo mahali pa kutoa nusu iliyobaki. Kwanza niliwaomba ruhusa dada zangu wawili, ambao ndio wakubwa wa ukoo waliosalia. Wote wamekubali, mmoja papo hapo, na mwingine baada ya siku kumi.

Nianze na mambo yanayojulikana na watu wote. Wareno walipotawala pwani yetu, katika karne ya 16 na ya 17, walikuwa na kanisa dogo mjini Unguja. Waomani walipowatoa mwishoni mwa karne ya 17, walijenga ngome yao mahali hapo hapo, nayo ndiyo hii Ngome Kongwe ambayo sote tumepita ubavuni mwake tukienda Forodhani jioni. Baada ya hapo ikapita zaidi ya miaka 150 bila ya mapadre kuwa na makao Unguja. Waliokuja baadaye hawakukuta parokia wala waumini wa kuwapokea. Walianza na mikono mitupu.

Walifika mwezi wa Desemba, 1860. Hawakutoka Ufaransa moja kwa moja, bali walitoka kisiwa cha Réunion, ambacho ni jirani yetu katika Bahari ya Hindi. Kiongozi wao alikuwa Padre Armand Fava, aliyetumwa na askofu wa kisiwa hicho, naye alifuatana na mapadre wenzake na masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Mlango wao ulikuwa umekwisha kufunguliwa na mkataba wa mwaka 1844 baina ya Sayyid Said na Ufaransa, uliowaruhusu Wafaransa kukaa na kufanya shughuli zao katika nchi yake. Mwaka 1860 aliyekuwa akitawala ni mwanawe, Sayyid Majid. Alikuwa Mwislamu, mtawala wa watu Waislamu, na aliwaacha wageni hao wakae mjini, wafungue hospitali, shule na karakana. Hilo ni jambo la kukumbukwa na kila mmoja wetu ambaye leo anasali katika nchi isiyo yake.

Kuhusu masista hao liko jambo ambalo mimi sikulijua mpaka nilipokuwa mtu mzima. Shirika lao lilianzishwa Réunion mwaka 1849. Utumwa ulikuwa umekomeshwa kisiwani humo mwezi wa Desemba mwaka uliotangulia, 1848, na shirika hilo liliwapokea wanawake waliotoka utumwani pamoja na binti za matajiri wa mashamba. Katika nyumba yao, aliyekuwa mtumwa miaka michache nyuma na aliyezaliwa na bwana mwenye watumwa walivaa vazi la namna moja na kula meza moja. Masista wa kwanza wa kanisa letu walitoka katika nyumba ya namna hiyo.

Je, waumini wa kwanza walikuwa nani? Hapa ndipo wazee wetu walipokuwa wakinyamaza. Si Wagoa, na wala si Wafaransa. Walikuwa ni watoto.

Wakati ule soko la watumwa lilikuwa wazi mjini, pale Mkunazini. Kila mwaka maelfu ya watu waliletwa Unguja kwa majahazi, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa kwa njia ya Kilwa. Misioni ilikuwa ikinunua watoto sokoni ili iwaweke huru. Fedha zilitoka Ulaya, na sehemu yake ilikusanywa na chama cha Utoto Mtakatifu kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ambacho kiliwaomba watoto wa huko watoe sarafu zao ndogo ndogo kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali. Baadaye wengine waliletwa na meli za kivita za Waingereza, waliowatoa katika majahazi yaliyokamatwa baharini. Watoto hao waligawanywa, wavulana kwa mapadre na wasichana kwa masista. Walifundishwa dini, kusoma na kazi za mikono, wakabatizwa na kupewa majina ya watakatifu. Walikuwa huru, na papo hapo walikuwa chini ya amri ya misioni kwa kila jambo, tangu saa ya kuamka mpaka mtu wa kufunga naye ndoa. Ukweli ni lazima usemwe pande zote mbili. Mtoto wa miaka sita aliyeokolewa sokoni hakuulizwa anataka kwenda wapi, na hata kama angeulizwa, njia ya kurudi kwao asingeijua.

Mwaka 1863 kazi ilikabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu, na Padre Antoine Horner, aliyekuwa amefanya kazi Réunion, akawa mkuu. Mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo kuanzisha kituo kikubwa chenye mashamba na karakana, na watoto wengi wa Unguja wakahamishiwa huko. Kimbunga cha mwaka 1872 kilibomoa majengo ya Bagamoyo, kama kilivyoangusha mikarafuu ya Unguja, nao wakajenga upya. Waliokuwa wakubwa walioana, wakapewa nyumba na viwanja katika kijiji cha Wakristo pale pale misioni. Mwaka 1873 Sayyid Barghash akatia saini mkataba wa kufunga soko, ingawa utumwa wenyewe Unguja haukuondolewa kisheria mpaka mwaka 1897.

Sasa naingia nyumbani kwetu.

Wengi wenu mnaikumbuka picha iliyotundikwa sebuleni kwa mama yangu, ya babu mzaa baba, fundi cherehani kutoka Goa, amesimama na suti nyeupe, mkono mmoja juu ya kiti. Ukoo wetu tumeuhesabu kuanzia picha hiyo. Upande wa bibi mzaa mama hapakuwa na picha, palikuwa na maneno manne tu. Bibi akiulizwa asili yake, alijibu, "Mama alikuja na masista." Mimi nilipokuwa mdogo niliyaelewa maneno hayo kwamba mama yake alitoka Réunion na alishuka melini pamoja na watawa, labda akiwa binti wa watu wakubwa. Nilijisifia hivyo shuleni.

Na bibi alikuwa na desturi moja. Nyumba yetu ilikuwa Baghani, si mbali na kanisa. Jumamosi alinichukua nimbebee kikapu kwenda sokoni Darajani. Njia fupi ilikuwa kukatia Mkunazini, lakini bibi hakupita huko hata siku moja. Tulizunguka kwa Hurumzi na Kiponda, jua kali, nami nikinung'unika. Akiniambia neno, lilikuwa, "Tembea." Mtaa wa Hurumzi wenyewe, watu husema jina lake limetokana na kuachwa huru kwa watumwa. Kama bibi alilifikiria hilo alipokuwa akipita, hakulitamka.

Bibi alifariki mwaka 1957, nikiwa na umri wa miaka kumi. Sisi tuliondoka Unguja mwaka 1965, tukakaa Dar es Salaam, kisha mwaka 1968 tukaja Uingereza. Ilikuwa hapa hapa London, majira ya baridi ya mwaka 1989, nikiwa nimekaa na mama yangu jikoni tukichambua mchele, nilipomwuliza kwa nini bibi alikuwa akizunguka. Mama hakuinua macho kwenye sinia. Akasema, "Mama yake aliuzwa pale. Alimwapisha asikanyage." Nikamwuliza, basi hakuja na masista? Akajibu, "Alikuja nao. Kutoka sokoni mpaka nyumbani kwao, kwa miguu."

Kwa hesabu za mama, mtoto yule alinunuliwa katikati ya miaka ya 1860, akiwa na miaka kama sita. Alipelekwa Bagamoyo na wengine. Akaolewa katika kijiji cha Wakristo na seremala aliyefundishwa kazi katika karakana ya misioni. Jina lake la ubatizo tunalo. Jina alilopewa na mama yake mzazi, huko alikotoka, hakumwambia mtu, au alilisahau. Kabila lake pia halikutajwa. Alichokumbuka, alisema mama, ni kwamba kwao palikuwa na maji mengi ambayo hayakuwa na chumvi.

Tuliambiwa tangu utotoni kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo ilitajwa nyumbani kwetu kila mtoto alipokosea Kiswahili au alipokataa kula kwa mkono. Hakuna aliyeona haya kuisema, wakati asili yenyewe ilikuwa imefungiwa ndani ya maneno manne.

Nirudi kwenye kanisa. Wagoa nao wana sehemu yao kubwa, na sitaki ndugu zangu wa upande huo waone nawapunguzia. Walitoka Goa, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Wareno, na walikuwa Wakatoliki kwa vizazi vingi kabla ya kupanda meli. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 walikuwa wakifika Unguja mmoja mmoja na kisha jamaa kwa jamaa: mafundi cherehani, wapishi, waoka mikate, makarani, wenye maduka. Bendi ya Sayyid Barghash ilipigwa na Wagoa. Mpiga picha A. C. Gomes, ambaye studio yake imetuachia picha nyingi za Unguja ya zamani, alikuwa Mgoa. Njia yenye maduka yao iliitwa Portuguese Street, nayo leo ndiyo Gizenga. Walikuja na sikukuu zao, hasa ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri tarehe 3 Desemba, ambaye masalia yake yako Goa na ambaye mwenyewe aliwahi kutia nanga Malindi mwaka 1542 alipokuwa safarini kwenda India. Walikuwa wachache na hawakuwa matajiri sana, lakini kanisani walikuja wote, na sadaka yao haikukatika.

Mwaka 1883 misioni ikapandishwa kuwa Vikarieti ya Kitume ya Zanguebar, na Raoul de Courmont akawa askofu wake wa kwanza. Askofu anahitaji kanisa kuu. Katika miaka ya 1890 ndipo lilipojengwa kanisa tunalolijua, kwa mfano wa makanisa ya Ufaransa, na wengi hulilinganisha na lile la Marseille. Madirisha ya vioo vya rangi yalitoka Ufaransa. Minara yake miwili ikapanda juu ya mapaa ya mji, hata jahazi linaloingia bandarini likaiona mapema. Mtu akiwa ndani ya mji wenyewe haioni vizuri, kwa sababu vichochoro ni vyembamba na nyumba ni ndefu. Hutokea mbele yako ghafula ukikata kona.

Na kuta hizo zilisimamishwa na mikono ya nani? Mchoro ulikuwa wa Wafaransa. Lakini mjue pia kwamba yule seremala wa Bagamoyo, mume wa mtoto aliyeuzwa Mkunazini, alivuka kurudi Unguja na mkewe na watoto kwa ajili ya kazi hiyo, na hakuondoka tena. Hivyo ndivyo sisi tulivyoingia humo. Hatukuingia kwa mlango wa mbele na cheti cha ubatizo kutoka Goa. Tuliingia tukiwa tumebeba mbao.

Kuhusu lugha, maana hili nalo huleta ubishi kila mwaka katika mkutano wetu. Misa ilikuwa kwa Kilatini. Mapadre walizungumza Kifaransa baina yao. Wagoa nyumbani walizungumza Kikonkani, na wengine Kireno. Wale waliotoka bara kila mmoja alikuja na lugha ya kwao, na wengi waliipoteza. Lugha ambayo wote waliifahamu ilikuwa moja tu, Kiswahili, na haikuwa ya mama kwa hata mmoja wao. Mapadre waliona hivyo mapema. Padre Charles Sacleux, aliyefika pwani mwaka 1879, aliitafiti lugha hii kwa miaka mingi, na kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilitolewa Unguja na misioni mwaka 1891. Kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilifuata kati ya mwaka 1939 na 1941. Basi anayesema kwamba Misa yetu ya Novemba iwe kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya damu yetu, hasemi kweli. Kiswahili ni lugha ya watu waliokutanishwa. Mimi nataka Misa iendelee kuwa kwa Kiswahili, ila kwa sababu hiyo ya pili, na mkamwana Mwingereza akiimba kwa kusoma karatasi, anafanya kile walichofanya wazee wetu wote.

Yaliyofuata mnayajua, nitayataja kwa ufupi. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliibadilisha Unguja, na Wagoa wengi, pamoja na familia za namna yetu, tukatawanyika: Dar es Salaam, Goa, Uingereza, Kanada. Parokia ambayo waumini wake wengi walikuwa wahamiaji ikahamwa. Watu walifikiri itafungwa. Haikufungwa. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo 1964 Unguja na Pemba zikapewa uangalizi wake zenyewe, zikitengwa na Mombasa, na mwaka 1980 likawa Jimbo la Zanzibar. Waliojaza mabenchi tuliyoyaacha ni watu waliotoka Tanzania Bara kutafuta kazi. Nilipokwenda mwaka 2011 nilikaa Misa ya Jumapili nyuma kabisa. Nyuso sikuzijua, lafudhi zilikuwa za bara, na nilijiona mgeni. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu akanisogezea kitabu cha nyimbo na kuniuliza, "Baba, umetoka wapi?" Nilitaka kumjibu kwamba mimi ndiye mwenyeji. Nikakumbuka kikapu cha bibi, nikamwambia nimetoka mbali.

Kule Mkunazini, Waanglikana walijenga kanisa lao juu ya mahali pa soko lenyewe, na kila mgeni anayefika huelezwa habari ya watumwa. Kwetu Minara Miwili watu hupiga picha ya minara. Habari ya wale watoto iko katika vitabu, na iko katika familia kama yetu, ambazo zimeiweka chini ya godoro. Aibu haikuwa yao hata mara moja. Aliyeuza na aliyenunua ndio wenye aibu, si mtoto wa miaka sita.

Nina ombi moja. Kila mwezi wa Novemba tunasoma orodha ya marehemu wa jamaa, na orodha hiyo huanza na fundi cherehani wa picha ya sebuleni. Naomba mwaka huu ianze na yule mama, kwa jina lake la ubatizo, na baada yake padre anyamaze kidogo kwa ajili ya jina la kwanza ambalo hatunalo. Halafu ndiyo aje babu na suti yake nyeupe. Nadhani naye hatachukia kungoja.

Na wewe mjukuu uliyeniuliza, hili ndilo jibu langu kamili. Ukifika Unguja, usizunguke. Pita Mkunazini, kisha uende Minara Miwili kwa miguu, kama alivyokwenda yeye. Si mbali. Kwa mwendo wa mtoto ni kama robo saa.